Mpaka Jina Lirudi

Ugomvi wa gifu na jifu ulianza na picha ya mikono inayoomba.

Philister, karani wa getini pale depo ya makontena, ndiye aliyeituma asubuhi katika kundi la WhatsApp la darasa, picha inayocheza, ya aina inayoandikwa GIF: mikono miwili ya rangi ya dhahabu, inafumba, inafumbua, inafumba tena, na chini yake maneno ya kuwatakia wapendwa siku yenye baraka. Ilipofika saa nane mchana wanafunzi wote wanane walikuwa wameketi ndani ya kontena kuukuu lililotobolewa madirisha likafanywa darasa, na hakuna hata mmoja aliyetaka kusikia habari za mfumo mpya wa geti.

"Ticha, kabla hujaanza," alisema Oduor, dereva wa ile mashine ya kunyanyulia makontena ambayo yadi nzima inaiita staka. "Mwambie huyu dada kwamba alichotuma ni jifu. Tangu asubuhi ananiambia gifu, gifu. Kichwa kinaniuma."

"Herufi ya kwanza ni ile ya gari," alijibu Philister bila kugeuka. "Wewe una leseni ya kuendesha gari au ya kuendesha jari?"

Upande wa dirishani wakaangua kicheko.

"Aliyeitengeneza mwenyewe alisema ni jifu. Nimesoma, sikuambiwa. Sasa unabishana na mzazi juu ya jina la mwanawe?"

"Mzazi hutoa jina, majirani ndio wanaoita. Baba yangu aliniandikisha Philister. Hapo getini madereva wananiita Firista, wananiita Pili, kuna mmoja wa Malaba ananiita Plasta. Umeniona nikienda kortini?"

Darasa likagawanyika. Mtu akataka ipigwe kura, na kura ikapigwa pale pale kwa mikono: wanne jifu, watatu gifu. Macho yote yakaenda kwenye kiti cha nyuma, karibu na mlango, alikoketi Mzee Kazungu na miwani yake iliyofungwa kwa uzi.

"Mzee, imebaki yako," alisema Oduor. "Ukiwa upande wao tunatoshana, tunaenda nyumbani."

Mzee Kazungu alitazama daftari lake. "Mimi sina neno," alisema.

Kicheko kikafifia. Nyamvula, mwalimu wao, aliyekuwa amesimama mbele na kalamu ya ubao mkononi, akaifunika kalamu. Hiyo ilikuwa wiki ya tano, na maneno hayo matatu ndiyo ya kwanza Mzee Kazungu kuyatamka darasani tangu wiki ya kwanza. Na aliyemnyamazisha ni yeye Nyamvula.

Nyamvula alikuwa na miaka ishirini na mitano, binti wa Timbwani, Likoni, mwenye shahada ya kompyuta iliyokaa kwenye bahasha mwaka na miezi saba kabla ya mtu yeyote kuomba kuiona. Depo hii ya makontena ya Changamwe ndiyo iliyoiomba. Walikuwa wanabadilisha geti: makaratasi yaondoke, kila lori liwe na kadi, kadi isomwe na mashine, na makarani na watu wa yadi wajue kuiendesha. Alipewa wiki sita za kuwafundisha. Aliipokea kazi ile kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga. Alinunua chaki za rangi, ingawa ubao haukuwa wa chaki.

Na alitengeneza chati. Chati ile ilikuwa na maneno kumi na tano, kila neno na namna sahihi ya kulitamka, na aliibandika ukutani siku ya kwanza kabla hata ya kuwasha kompyuta.

Alikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia aliitwa kwenye usaili Nairobi, ghorofa ya saba, watu watatu nyuma ya meza moja. Aliulizwa juu ya hifadhidata, akajibu vizuri, akiamini kila analolisema, na katikati ya jibu akaitaja SQL kwa herufi zake, es-kyu-eli. Yule wa katikati akatabasamu. Hakuwa na ubaya. Alisema tu, "Sisi huku tunasema sikweli," kisha akamtazama jirani yake, na jirani akainamia karatasi zake. Swali lililofuata Nyamvula hakulisikia. Alitikisa kichwa kama aliyelisikia, akajibu swali jingine ambalo hakuna aliyeliuliza. Kazi hakuipata, na hakuwahi kujua kama ni kwa sababu ya neno lile au la. Lakini ndani ya basi la kurudi Mombasa alilitafuna tangu Athi River hadi Mariakani. Baadaye alisoma kwamba hata mabingwa wa dunia hawajapatana juu yake. Wengine husema hivi, wengine vile. Hilo halikumpoza. Aliapa kwamba akipata wanafunzi, hakuna mtu wa ofisini atakayewatabasamia vile.

Kwa hiyo wiki ya kwanza ilikuwa ya matamshi, na ilikuwa wiki ya furaha. Alipofika kwenye neno lake mwenyewe, lile la sikweli, Oduor aliinua mkono.

"Ticha, si kweli nini?"

"Ndilo jina lake. Ni lugha ya kuzungumza na mahali data inapokaa."

"Kwa hivyo hesabu zote za kampuni, majina yetu, siku zetu za likizo, zinakaa ndani ya Si Kweli?"

"Tuseme hivyo."

"Nilijua," alisema Oduor, akakaa chini.

Walicheka hadi machozi, na Nyamvula akacheka nao, na neno likamtoka moyoni kidogo. Ndipo akafika kwenye kadi za geti, zile zenye herufi nne za Kizungu, R, F, I, D. Akamwomba Mzee Kazungu asome.

"Rifidi," alisoma Mzee Kazungu kwa sauti yake nzito, iliyonyooka.

"Hapana, Mzee. Hiyo haisomwi kama neno. Ar-ef-ai-di."

"Arefu aidi."

"Ar. Ef. Ai. Di."

"Are... arefi..."

Oduor ndiye aliyeanza. Kisha darasa zima. Mzee Kazungu alijaribu mara ya tatu, ikatoka mbaya kuliko ya pili. Akainua macho kumtazama mwalimu wake, na mwalimu wake alikuwa anatabasamu.

Halikuwa tabasamu la ubaya. Nyamvula alilijua tabasamu lile vizuri; aliwahi kuliona ghorofa ya saba. Alilijua likiwa tayari liko usoni mwake, na likachukua muda kuondoka. Tangu siku hiyo Mzee Kazungu alikuja darasani kwa wakati, aliandika kila kitu, alibonyeza alipotakiwa kubonyeza, na hakusema.

Siku ile ya gifu na jifu, baada ya darasa, Nyamvula aliitwa ofisini kwa meneja wa depo, Bwana Mwinyihaji, mtu wa Mji wa Kale aliyezungumza polepole kana kwamba kila neno lina nafasi yake ya kukaa.

"Keti, binti yangu. Hawa wanafunzi wako wanaendeleaje?"

"Vizuri, Bwana Mwinyihaji. Saba wako tayari hata leo."

"Na wa nane?"

Nyamvula alitazama yadi kupitia dirishani.

"Sikiliza. Ijumaa ya wiki ijayo anakuja kijana kutoka makao makuu, Nyali. Kila karani atasimama getini, aeleze kazi kwa mdomo wake, kisha aifanye. Asiyeweza kueleza hatobaki. Mkataba wake ukiisha mwezi ujao, ndio basi. Si mimi niliyepanga hivyo. Kazungu namjua, ana miaka ishirini na saba hapa, na mitatu imemsalia astaafu. Lakini yule kijana hamjui. Yeye atausikiliza mdomo tu. Wallahi, mdomo ukinyamaza, sina la kumtetea."

"Kazi anaijua, Bwana. Mkono wake haukosei."

"Najua. Je, atasema?"

Nyamvula alitoka pale na swali lile akaenda nalo hadi Timbwani, akala nalo, akaamka nalo.

Asubuhi yake aliwahi mapema. Alivaa kofia ya plastiki na fulana ya kung'aa, akaingia yadini kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi. Darasani alikuwa akiisikia yadi kupitia madirisha: ngurumo za malori, vyuma vikigongana, na redio za mkononi zikikoroma majina. Rabai, Tiwi, Gede. Alikuwa akidhani makontena yanapelekwa huko, na zaidi ya mara moja alijiuliza Gede kuna biashara gani ya kuhitaji makontena mengi hivyo.

Alimkuta Mzee Kazungu amesimama katikati ya ngome mbili za makontena, redio mdomoni, orodha mkononi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwalimu. Umepotea?"

"Nimekuja kukuona."

"Basi simama hapa, nyuma ya mstari wa njano. Nina makontena manne, kisha nitakusikiliza."

Akainua redio. "Staka. Bamba, Dabaso, Pingilikani, Ukunda. Nne, moja, saba. Tatu, sifuri, tatu. Sita."

Redio ikakoroma, na sauti ya Oduor ikarudi bila mzaha wowote ndani yake: "Bamba, Dabaso, Pingilikani, Ukunda. Nne, moja, saba. Tatu, sifuri, tatu. Sita."

"Ndiyo hilo."

Hapo ndipo mkono mrefu wa staka ukashuka, ukalishika kontena kwa pembe zake nne na kulinyanyua kama sahani. Nyamvula alitazama ubavu wa kontena lile likipita mbele yake. Liliandikwa BDPU, kisha tarakimu.

"Ni herufi," alisema. "Majina yale ni herufi."

"Ulidhani ni nini?"

Aliona aibu kusema habari za Gede. Mzee Kazungu alimwangalia kidogo, akampa redio. "Lifuatalo lisome wewe."

Nyamvula aliitazama orodha, akabonyeza kitufe, akasoma kwa Kiingereza chake bora cha chuo kikuu, herufi baada ya herufi, kama alivyofundisha.

"Rudia," ilisema sauti ya Oduor.

Alisoma tena, kwa sauti ya juu zaidi. Lori likapita.

"Rudia."

Akasoma mara ya tatu, na masikio yake yakawa ya moto. Alisubiri kicheko. Oduor alikuwa ndani ya kibanda cha staka hatua mia moja kutoka pale, Oduor yule asiyeweza kuacha neno lipite bila kulipiga teke.

"Sijakupata," ilisema redio, kwa upole. "Rudia."

Mzee Kazungu alimnong'oneza, "V ni Vipingo. T ni Tiwi. G ni Gede."

"Vipingo, Tiwi, Gede, Ukunda," alisema Nyamvula, na tarakimu zake. Jina likarudi zima, kama lilivyotoka. "Ndiyo hilo," akasema, na mbele ya macho yake kontena la tani ishirini likainuka kwa sababu yeye amesema.

Makontena manne yalipokwisha, walikwenda kusimama kwenye kivuli cha ukuta wa ofisi.

"Ni nani aliyetunga majina haya?" aliuliza.

"Mimi." Alisema kama mtu anayesema saa ngapi. "Miaka mingi iliyopita. Pale ambapo sikupata mji nilitia chakula. I ni iliki. E ni embe."

"Kwa sababu herufi hazisikiki?"

"Zinasikika, ukiuliza mara ya pili. Tatizo hatukuwa tunauliza." Alivua miwani akaifuta kwa shati. "Yadi hii ina Mgiriama, ina Mjaluo, ina Mkamba, ina Mdigo kama wewe. Kila mtu na mdomo wa kwao. Zamani ilikuwa mmoja akisema redioni, wengine wanacheka. Basi mtu akishachekwa hataki tena kusema 'rudia.' Anajifanya amesikia. Siku moja mtu akajifanya amesikia, kontena likapanda lori lisilo lake, likaenda hadi mpakani. Ndani mlikuwa na mbegu za mahindi za wakulima wa huko Kinango. Ziliporudi, mvua ilikuwa imekwisha."

"Nani alijifanya?"

"Mimi," alisema Mzee Kazungu.

Nyamvula alikumbuka meza ya ghorofa ya saba, na kichwa chake mwenyewe kikitikisika.

"Baada ya hapo tukawekeana sheria mbili. Redioni hakuna kucheka mdomo wa mtu. Atakayecheka ananunua chai ya zamu nzima. Na kontena haliinuliwi mpaka jina lirudi. Ukisema, mwenzako arudishe. Likirudi vilevile, mmeelewana. Lisiporudi, mnarudia, hata mara kumi. Hata kama ni meneja."

"Mzee," alisema Nyamvula, "siku ile ya rifidi nilitabasamu."

"Niliona."

"Naomba unisamehe."

"Nilikwisha. Mwanangu, usidhani nilikununia. Nilinyamaza kwa sababu kule darasani kwako hakuna rudia. Kuna sahihi na kuna kicheko. Mimi katikati sikuona pa kusimama."

Saa nane mchana huo, wanafunzi walipoingia darasani, ukuta ulikuwa mtupu. Chati ilikuwa imekunjwa ndani ya mkoba wa Nyamvula. Aliwaambia kwamba kuanzia leo darasa litafuata sheria za yadi: kila mtu aite kitu kama mdomo wake unavyoweza, anayesikia arudishe, na anayecheka mdomo wa mwenzake anunue chai.

Oduor aliinua mkono. "Na gifu? Naomba ruhusa ya kucheka gifu peke yake."

"Gifu ni neno, si mdomo," alisema Philister. "Cheka tu, uone kama litabadilika."

Oduor alinunua chai mara mbili kabla ya wiki kwisha. Siku ya kwanza Mzee Kazungu hakusema. Ya pili, Philister alipoeleza namna ya kuingiza lori lenye kadi iliyokufa, sauti nzito ilitoka nyuma: "Rudia hapo kwa namba." Philister akarudia. Mzee Kazungu akarudisha, kisha akaongeza hatua moja ambayo Philister alikuwa ameisahau, na hata Nyamvula alikuwa ameisahau. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Nadhani waliogopa kulishtua jambo lile, kama unavyomwogopa ndege aliyetua dirishani.

Ijumaa ikafika. Kijana wa Nyali aliitwa Matthew, na alikuwa kijana kweli, pengine mdogo kuliko Nyamvula, shati jeupe, kishikwambi mkononi, adabu nyingi na haraka nyingi. Walisimama getini, yeye na Bwana Mwinyihaji na Nyamvula, malori yamepanga foleni hadi barabarani. Makarani wakaja mmoja mmoja. Philister alieleza kama mtu anayesoma tangazo la ndoa kanisani. Oduor alitania mara moja tu. Saba wakapita.

Mzee Kazungu alikuja wa mwisho. Alikuwa amevaa shati la kola, limepigwa pasi mpaka mikono.

"Haya, Mzee," alisema Matthew. "Nieleze lori linaingiaje."

Nyamvula alihesabu pumzi zake mwenyewe. Nne. Tano.

"Lori likifika," alisema Mzee Kazungu, "dereva ananyoosha kadi ya rifidi kwenye mashine."

"Ar-ef-ai-di," alisema Matthew, bila kuinua uso kwenye kishikwambi chake.

"Ar-e-fu-ai-di," alirudisha Mzee Kazungu, taratibu, kila kipande mahali pake. "Nimekupata. Huko kwenu ni hivyo. Hapa yadini ni Rabai, Faza, iliki, Dabaso. Mimi husema rifidi kwa sababu ni fupi, na lori linangoja. Kadi yenyewe ni hii."

Matthew aliinua uso sasa. Akamgeukia Nyamvula. "Mwalimu, ndivyo ulivyowafundisha? Matamshi yalikuwamo kwenye mpango wa mafunzo. Niliona umeandika kuna chati."

Chati ilikuwa mkobani. Angeitoa, ingemwonyesha kila mtu kwamba mwalimu alifundisha sawasawa na kosa ni la mwanafunzi. Alijua pia kwamba kijana huyu ndiye atakayesema kama depo inahitaji mwalimu tena au haihitaji.

"Ilikuwapo," alisema. "Niliishusha. Ilikuwa na kosa."

"Kosa gani? Ar-ef-ai-di ndivyo inavyosomwa."

"Hilo lilikuwa sawa. Kosa ni kwamba nilitia namna moja tu, na watu wa hapa walikuwa nazo tatu na wanaelewana."

Bwana Mwinyihaji alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayetazama mbali ili asionekane anasikiliza.

Matthew aliandika kitu. Kisha akauliza swali la pili, na alilimimina kwa Kiingereza cha mbio, lori limewasha injini nyuma yake, swali refu lenye vifupisho vitatu ndani yake. Nyamvula mwenyewe alipata nusu yake tu. Alimwona Mzee Kazungu akifungua mdomo na kuufunga. Hapo, alijua, ndipo mtu hutikisa kichwa. Hapo ndipo mtu hujifanya amesikia, akajibu swali jingine, akapanda basi kurudi nyumbani.

"Rudia," alisema Mzee Kazungu.

Matthew alisita. "Samahani?"

"Sijakupata. Rudia."

Halikusemwa kwa kiburi wala kwa unyonge. Lilisemwa kama linavyosemwa yadini mara mia kwa siku. Bwana Mwinyihaji aliacha kutazama mbali. Matthew akafungua mdomo, akatazama lori, akangoja lipite. Aliporudia, alirudia kwa Kiswahili, polepole: kadi ikisoma namba moja, na kontena lina namba nyingine, karani afanye nini?

"Kadi inasema hivi, kontena linasema vile, nifanye nini," alirudisha Mzee Kazungu. "Ndilo swali?"

"Ndilo."

"Silipitishi. Kwanza nasimamisha lori kwenye njia ya pembeni, foleni isikwame. Napiga redio yadini, nasoma kontena kwa macho, jina lirudi. Halafu naingia kwenye mashine, hapa, ukurasa wa pili, natafuta namba ya kontena, siitafuti ya kadi. Kadi inaweza kuwa ya lori la jana." Alikuwa anabonyeza huku akisema, na kidole chake hakikukosea. "Mtu wa ofisini ataona alama nyekundu kabla sijamaliza kumpigia simu. Na dereva namwambia ukweli, maana dereva akiachwa bila kuambiwa anakuwa na matusi."

Matthew aliinama kuitazama mashine. "Ukurasa wa pili," alisema. "Siitafuti kadi, natafuta kontena."

"Ndiyo hilo," alisema Mzee Kazungu.

Sidhani kama kijana yule alijua kwamba amerudisha jina.

Barua zilikuja Jumanne. Wanane wote walibaki. Ya Mzee Kazungu ilisema atakaa getini, zamu ya asubuhi, mpaka siku yake ya kustaafu. Aliikunja mara nne, akaiweka mfukoni, akaenda kazini, kwa sababu ilikuwa saa mbili na malori hayasomi barua. Ya Nyamvula ilisema miezi mitatu zaidi, kisha wataangalia. Si kazi ya kudumu aliyoiota. Lakini aliisoma mara mbili, na mara ya pili ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza.

Siku hiyo hiyo alibandika chati mpya. Ilikuwa na nafasi nyingi tupu na kalamu imening'inizwa kwa uzi pembeni, na kufika saa nane watu walikuwa wamekwisha kuijaza. Kwenye mstari wa es-kyu-eli mtu alikuwa ameandika, kwa mwandiko wa Oduor, *tunaijua lakini hatuiamini*. Kwenye mstari wa GIF palikuwa na gifu tatu, jifu nne, na matundu ya kalamu mahali ambapo mtu alikuwa amemfutia mwenzake kwa nguvu.

Alikuwa bado akiitazama chati wakati redio ya darasani, ile waliyompa ili naye asikie yadi, ilipokoroma.

"Geti, geti, staka hapa," ilisema sauti ya Oduor. Haikuwa na mzaha, maana hakuthubutu, lakini ilikuwa inaubeba mzaha kama mtu anayebeba yai. "Nina swali la kikazi. Kura yako bado haijapigwa. Ile picha ya Philister ya mikono. Inaitwaje?"

Nyamvula aliisogeza redio sikioni. Yadi nzima, alijua, ilikuwa inasikiliza: Philister getini, madereva, Bwana Mwinyihaji na dirisha lake wazi.

"Rudia," ilisema sauti nzito.

"Ile picha ya mikono. Inaitwaje?"

"Nimekupata," alisema Mzee Kazungu. "Gede, iliki, Faza. Sasa toa staka njiani, nina lori."

Oduor, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa kisheria, akarudisha: "Gede, iliki, Faza."

"Ndiyo hilo."

Hakuna aliyecheka redioni. Lakini kupitia matundu ya madirisha ya darasa lake, kutoka geti hadi ukuta wa mwisho, Nyamvula aliisikia yadi yote ikicheka kwa midomo mitupu, kila mtu kwa mdomo wa kwao.